Kumuaga Sindano, Aliyepanga Santuri kwa Ugomvi

Baada ya miaka thelathini na minne nyuma ya kaunta moja, Sindano anastaafu leo Jumamosi, tarehe thelathini, duka likishafungwa. Kesho asubuhi anapanda basi kwenda kuishi kwa binti yake, mbali, kwa sababu magoti yamekataa kazi na binti amekataa visingizio. Wasifu wake nimepewa mimi niuseme, kwa kuwa nimefagia duka hili na kuchemsha chai yake karibu muda wote huo. Binti wa Tajiri ameupiga chapa kama nilivyousema. Aliomba nipunguze ukali. Nikamwambia apige chapa.

Kwa wageni: Tajiri ndiye mwenye duka. Tunamwita hivyo kwa mazoea tu, msimwangalie viatu. Sindano tulimpa jina hilo kwa kuwa hakuna sindano ya gramafoni iliyowahi kumshinda, na kwa kuwa mwenyewe anachoma.

Duka mnaliona. Chumba kimoja chembamba, kushoto kinyozi, kulia fundi cherehani, dari linavuja palepale kila mvua, na ile sufuria inayokinga maji ni yangu, ilikuwa nzuri. Wateja wa siku hizi wanaingia, wanapiga picha jalada, wanatoka kwenda kuusikiliza wimbo kwenye simu. Wengine wananunua santuri ili waitundike sebuleni; gramafoni hawana wala hawana mpango nayo. Wengine wanakimbia jua. Mwenye nyumba naye kila mwezi anatukumbusha kwamba wauza simu wanakitamani chumba hiki. Mtu mwenye akili timamu angeshafunga zamani. Sindano hakuwahi kuwa na akili hizo, ndiyo maana duka bado lipo, na ndiyo maana mimi nina presha.

Maana hebu sikieni mpango wake. Maduka mengine hupanga santuri kwa herufi. Yeye alipanga kwa undugu na ugomvi. Mpiga gitaa akiondoka kwenye bendi kwa hasira, santuri zake zinahamia ukuta wa pili. Waimbaji wakioana wanakaa pamoja. Wakiachana, mmoja anapelekwa karibu na mlango apate hewa. Aliyeibiwa wimbo hawekwi rafu moja na mwizi wake. Mimi na herufi tulipishana njia tangu utotoni, kwa hiyo mpango huo niliushika kabla ya wengine. Ni kama kuwapangia ndugu viti arusini. Lakini mteja wa watu afanyeje? Kijana mmoja aliingia akitaja jina la mwimbaji, Sindano akamuuliza, "Unamtaka kabla hajamwacha mkewe au baada?" Kijana akasema anamtaka tu, ni zawadi ya baba yake. Akavutiwa kiti. Alipotoka nilikuwa nimechemsha chai mara ya pili, na mkononi ana santuri ya yule mke. Baba mtu akaja wiki iliyofuata kutaka nyingine, basi na yeye akavutiwa kiti.

Binti wa Tajiri alijaribu kuziingiza santuri zote kwenye kompyuta. Alipofika kwenye ukoo wa wapiga tarumbeta akaomba likizo.

Kazi zake nyingine mnazijua. Ametengeneza gramafoni za nusu ya mtaa huu. Ameziosha santuri kwenye beseni kwa maji ya vuguvugu na sabuni, akazianika kwenye kichanja changu cha vyombo bila kuniuliza. Kuna mama mmoja alikuja anatafuta wimbo aliokuwa akiusikia kupitia ukutani kwa jirani yake, jirani kashahama, jina la wimbo hajui, maneno hajui. Mwingine angemwambia pole. Sindano alimpigia santuri moja baada ya nyingine, kila mchana, muda wake wote wa kula, mpaka mama akashika mdomo akaanza kulia. Tukajua ndiyo huo. Halafu ikaonekana mama hana gramafoni. Sindano akamwazima moja ya dukani. Haijarudi hadi leo, ila mama huyo hupita kila wiki kutupa habari za afya yake. Utafanya nini na mtu kama huyo?

Sasa nifike penye mwiba.

Hawa wawili, Tajiri na Sindano, ujanani walikuwa na bendi. Tajiri aliimba, Sindano alipiga gitaa. Walirekodi santuri moja tu, wimbo mmoja kila upande. Sitasema ilikuwa nzuri kiasi gani, vichwa vyao vimejaa vya kutosha. Miaka kumi na moja iliyopita, Sindano akiwa likizo, Tajiri aliuza boksi la santuri zilizokwaruzika kwa fundi mmoja anayezigeuza saa za ukutani. Ndani hakuangalia. Sindano aliporudi alikwenda kunyoa hapo jirani, akainua macho aone ni saa ngapi, akaliona jina lake katikati ya mishale. Kinyozi anasema aliondoka kanyolewa upande mmoja.

Nakala zao zote zilikuwa kwenye boksi lile. Ilibaki moja, iliyokuwa juu ya gramafoni siku hiyo. Tajiri alijitetea kwamba hakuangalia. Sindano akamjibu, "Ndiyo maana." Hilo ndilo neno la mwisho walilosemeshana.

Na ile moja iliyobaki? Kwa mpango wa Sindano, waliogombana hawakai rafu moja, na santuri haikatwi katikati. Kwa hiyo ilikosa pa kukaa. Aliizungushia kitambaa changu cha meza akaisukuma chini ya kaunta. Miaka yote hiyo nimefagia nikiizunguka.

Kaunta yenyewe ina urefu wa kitanda. Mmoja huku, mwingine kule, mimi katikati na ufagio. "Dada, mwambie mwenzako karatasi za risiti zimekwisha." Mwenzako kasikia, masikio anayo, lakini anangoja nimalize kumwambia, ndipo anijibu mimi. Watu wazima, wana wajukuu. Wakati mmoja waimbaji wawili, mtu na kaka yake, walipatana redioni baada ya kununiana tangu enzi za nguo za kubana. Kesho yake Sindano alifunga duka, mwisho wa mwezi, wateja wamepanga foleni nje, akahamisha kuta mbili nzima ili ndugu wale wakae pamoja. Tajiri akanituma nikaulize kwa nini duka limefungwa. Nikarudi na jibu kwamba wamepatana. Akaniuliza kina nani. Nikachoka, nikakaa chini. Mtu anabomoa duka kwa sababu ya upatanisho wa watu asiowajua, na mwenzake yuko hapo, anamsikia akipumua.

Basi ilipotangazwa kwamba Sindano anaondoka, nilidhani watafungua vinywa. Jumatatu, Tajiri alinifuata nikiosha vikombe. Mnajua Tajiri hana unywele hata mmoja, na kila Ijumaa yuko kwa kinyozi, kwenye kile kiti kinachotazama ile saa ya santuri yao. Akasimama mlangoni akichezea funguo. "Dada, mwambie kule sifuati kunyoa. Mwambie asiende." Nikamwambia risiti nitabeba, dari nitabeba, hiyo kaiseme mwenyewe. Hajaisema.

Jumatano asubuhi nilikuta kitambaa changu juu ya kaunta, kimefuliwa, kimepigwa pasi. Chini ya kaunta hapana kitu. Nikazunguka na ufagio wangu nikaiona: rafu ya mbele, nyuma ya kiti cha Tajiri, jalada limetazama nje, vijana wawili wembamba wamevaa suti za kufanana. Nilimuuliza Sindano maana yake nini. Akasema amepanga tu.

Na Tajiri? Tangu Jumatano ameipita huku na huku. Mara mbili ametundika koti juu yake. Nimekohoa, nimefuta vumbi hapo hadi mbao imeng'aa, nimemwagia chai kiti chake makusudi ili asimame. Alisimama, akaenda kuvuta kiti kingine.

Nimechoka, jamani. Kazi ya posta naiacha leo, na hizi ndizo salamu za mwisho ninazobeba, mbele ya watu wote. Sindano, mwenzako kwa kinyozi hafuati kunyoa, na Jumatatu akija mteja hapa hatajua hata pa kuanzia kutafuta. Tajiri, ondoa koti. Angalia.

Sindano, mdogo wangu mkaidi, asante kwa chai zote ulizoziacha zikapoa ukimpigia santuri mtu asiyenunua kitu. Asante kwa kulifanya duka hili lisieleweke, maana lingeeleweka lingekuwa la simu. Magoti yapone, binti akuvumilie, umeme usikukatikie katikati ya wimbo. Tunakuombea uzee wenye kelele nzuri.

Basi lako linaondoka saa mbili asubuhi. Jioni nzima mnayo, na gramafoni iko wazi. Mimi nitakuwa jikoni na vikombe vyangu, na safari hii msiniite.