Majani Yanayochomwa Donge

Gari ya Mkokotoni ilikuwa nusu tupu. Mbele yangu Bi Bashira, mkulima wa Donge, alikuwa anarudi na kikapu cha muhogo uliokosa mnunuzi mjini. Mzee Shaame, aliyekaa naye kiti kimoja na ndiyo kwanza wajuane, aliutazama ule muhogo, mwembamba kama vidole.

"Majani mnachoma?" akauliza.

"Kila tukishavuna. Mume wangu anapenda shamba jeupe."

"Basi mnaunguza mboji. Yaacheni yaozee humo humo. Ardhi isiyo na mboji inashikana, muhogo haupati pa kunenepa. Na shamba mlipumzishe msimu mmoja."

"Nshamwambia, mzee wangu. Ananiuliza huo msimu tutakula nini."

Mzee akachukua muhogo mmoja kikapuni, akaugeuzageuza.

"Pumzisheni nusu," akasema mwishowe.

"Hiyo tunayolima ndiyo nusu. Nyengine jembe linadunda tu."

Gari ikakaribia Donge. "Leo ntamwambia tena," alisema Bi Bashira. Lakini nyuma ya nyumba za barabarani moshi ulikuwa unapanda. Gari iliposimama aliutazama, akajitwisha kikapu chake, akashuka bila haraka.