Kilomita Thelathini na Nane

Jambo la mwisho la kawaida nyumbani kwetu lilikuwa hili: mke wangu Jescah alisimamisha lori lake kando ya barabara yenye theluji, akavua miwani, akasema, "Usiguse, naenda kuzima maziwa." Hakufika jikoni. Ilikuwa Jumanne ya kwanza ya Machi, saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Lori ninalolitaja ni la ndani ya kompyuta, la mchezo aliokuwa akiucheza kila siku kwa saa moja baada ya kutoka kazini famasia. Tangu hapo lilisimama palepale, na skrini ilionyesha kwamba zimebaki kilomita thelathini na nane kufikisha mzigo.

Wiki tano baadaye, siku ya Ijumaa, nilikwenda kwenye benchi la mtaa wetu wa Amalemba, mbele ya duka la Wesley la kutengeneza kompyuta. Mvua ya alasiri ilikuwa imetanda upande wa msituni bila kunyesha, na mwanga ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, mwanga ambao hata ng'ombe husimama ndani yake akasahau anakokwenda. Wenyewe wa benchi walikuwapo. Wesley tunamwita Padi, kwa sababu hachezi mchezo wowote bila padi, kile kifaa cha kushikwa kwa mikono miwili. Wanzala, karani mstaafu aliyepiga taipu miaka thelathini, ni Kibodi. Chrispinus, aliyevuta miwa kwa trekta kutoka Ekero hadi Mumias, ni Usukani, na birika la kahawa ya tangawizi ni lake. Mimi ni mpima ardhi. Wananiita Saveya.

Nikawaeleza shida yangu. Kesho yake dada ya Jescah, Jael, angekuja na ndugu zao kugawa vitu vya marehemu. Kwao, kila kitu lazima mume akikabidhi mkono kwa mkono. Kisichopita mkononi mwake hakiondoki. Kompyuta ilikuwa imeshapangiwa Mitchel, binti wa Jael, anayesoma chuo cha Sigalagala. Kabla haijaondoka nilitaka kulifikisha lile lori, na nilishindwa kuliendesha. Jescah alivunjika kifundo cha mkono wa kushoto akiwa msichana, na hakikupona vizuri. Kwa hiyo alihamisha amri zote za mchezo, akaziweka upande wa kulia wa kibodi, chini ya mkono mmoja. Nilikuwa nimejaribu mara nne. Mara nne niliingia mtaroni, nikarudishwa pale alipoliacha.

Padi: Saveya, hiyo ni kitu ya dakika mbili. Nakupatia padi, unachomeka, inajipanga yenyewe.

Mimi: Na mpangilio wake?

Padi: Huo unafutika. Mchezo wa zamani huo, unabebanga mpangilio mmoja tu.

Mimi: Basi hapana.

Usukani: Kwani nani aliwadanganya rori inaendeshwa na vidole? Rori ni mabega. Unaishika, inakushika.

Kibodi: Chrispinus, hii haina hata tairi. Hii inataka kitu inatii. Mimi nilikuwa napiga taipu macho yangu yako dirishani, naangalia mwewe, na barua ya bosi inatoka safi.

Padi: Mzee Wanzala, na heshima zote, kibodi haijui kitu inaitwa kidogo. Ama umekata kona ama hujakata. Padi unasukuma pole pole, na yenyewe inakata pole pole. Tena inatetemeka! Ukigonga jiwe unasikia hapa kwa kiganja, kama umeshika ingokho inataka kutoroka.

Usukani: Sasa unaendesha rori ama unachinja kuku?

Tulicheka, na mimi pia nilicheka, kwa mara ya kwanza baada ya muda. Lakini Padi alikuwa amesema jambo la kweli. Kitufe hakina nusu. Jescah aliitatua shida hiyo kwa kugusa na kuachia, kugusa na kuachia, haraka na kwa wepesi, mpaka kona ikajengeka kutokana na vipande vidogo. Nililijua hilo kwa masikio. Kwa miaka tisa niliketi nyuma yake na gazeti, na niliweza kusema kama barabara imenyooka au imepinda bila kuinua macho.

Mimi: Alikuwa anagusa tu. Hakuwa anabonyeza.

Kibodi: Ehe! Mnasikia? Huyo mama alikuwa mpiga taipu na hakujua. Pole sana, Saveya.

Usukani: Pole, ndugu yangu. Lakini ngoja nikwambie. Usukani wa trekta niko nao nyumbani, umelala tu chini ya kitanda. Tunaufunga kwa meza yako. Kiti tunaweka juu ya gunia ya mchanga, ili usikie mabonde. Dirisha tunafungua, mtu mmoja anapepea na gazeti, huo ndio upepo.

Padi: Na theluji?

Usukani: Barafu si iko kwa bucha?

Padi: Utamkalisha Saveya kwa barafu ya matumbo?

Usukani: Anataka kufika ama hataki?

Kibodi: Hamna adabu na hiyo mashine. Mimi ningeiandikia. Unaweka tarehe. "Kwa Lori, Barabarani. Yahusu: Kugeuka Kulia." Unasaini. Lori ya maana italeta majibu.

Usukani: Baada ya siku ngapi?

Kibodi: Kumi na nne za kazi.

Padi: Nyinyi mnabishania vitu za jana. Itafika siku hakuna kushika kitu. Inasoma macho. Unaangalia kulia, inaenda kulia.

Kibodi: Na ukifunga macho?

Padi: Inasoma mawazo.

Usukani: Na ukilala?

Padi: Ukilala, inaendelea tu. Inaenda mahali unaota.

Hapo hakuna aliyemtania. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka juu ya paa za mabati, na barabara ya mbele yetu, yenye wapita njia na bodaboda, ilionekana kama inapita mbali na sisi, nyuma ya kioo. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa ndani ya lori lake. Langu lilipanda kilima cheupe ambacho miguu yangu haitakikanyaga, na taa zake zilikuwa zikiwaka mchana.

Usukani: Basi mimi ningekuwa nimerudi Ekero. Miwa imejaa nyuma, asubuhi, na barabara yote hakuna mtu. Nainama tu kidogo hivi, trekta inajua.

Kibodi: Na mimi dirishani.

Padi: Unaona nini?

Kibodi: Si nilisema mwewe.

Wakati huo Musimbi akaja, ameleta kompyuta yake ya mapajani ndani ya mfuko wa unga, itengenezwe feni iliyokuwa ikipiga kelele. Alifanya kazi na Jescah famasia, na kwa kuwa ni wa ukoo wake, huniita mulamwa, yaani shemeji. Hakuwahi kukaa kwenye benchi letu. Alisimama, akatuangalia.

Musimbi: Mmenyamaza hivi kuna nini? Mulamwa, uko salama?

Padi akamweleza yote, kuanzia kilomita thelathini na nane mpaka barafu ya bucha. Musimbi alisikiliza bila kucheka.

Musimbi: Lakini mulamwa, kwani Jescah alikuwa anapendanga kufika, ama alikuwa anapenda tu kuendesha?

Padi alimtazama Kibodi. Usukani aliinamisha birika juu ya kikombe changu, yakatoka machicha ya tangawizi. Wote walikuwa wakiningoja, na hilo lilikuwa haki yao, maana mimi ndiye niliyekuwa chumbani. Nilijaribu kukumbuka kama aliwahi hata siku moja kusema, "Nimefika." Nilikumbuka mgongo wake, sweta ya kijani, sikio moja. Nilijua saa aliyoanguka na umbali uliobaki. Hili sikulijua.

Mimi: Sijui.

Musimbi: Haya. Nilikuwa nauliza tu.

Asubuhi iliyofuata niliketi kwenye kiti chake. Sikukipandisha, ingawa magoti yangu yaligonga meza. Mkono wa kushoto niliulaza pajani. Wa kulia niliuweka juu ya vitufe vyake na sikubonyeza. Niligusa na kuachia. Lori lilitoka kando, likaingia barabarani. Kona ya kwanza nilipita nikiyumba. Ya tatu nilipita. Misitu ilipita, na daraja, na mji mdogo wenye mabango ya lugha nisiyoijua. Zilipobaki kilomita mbili, njia ya kuingia kwenye ghala ikaonekana upande wa kulia. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kugeuka. Nikaiacha ikapita. Namba kwenye skrini ikasita, kisha ikaanza kupanda: tatu, nne, saba.

Saa nne Jael alifika na ndugu zake, pamoja na Mitchel. Nilisimamisha lori, nikatoka uani, nikagawa mkono kwa mkono: nguo, viatu, sufuria, sweta ya kijani. Jael aliipokea, akaikunja mara mbili. Kisha nikarudi ndani na kulitia lori barabarani tena, na Mitchel akanifuata akiwa na katoni.

— Baba mdogo, nizime?

— Bado. Keti hapa. Nipe mkono wa kulia.

Nilimwekea vidole juu ya vitufe, kimoja kimoja, kisha nikaondoa vyangu. Lori liliyumba kidogo, likanyooka.

— Tunaenda wapi? akauliza.

— Gusa tu, nikamwambia. Usibonyeze.