Maisha ya Zimataa, Fundi Aliyesingiziwa Kusahau

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, mafundi wenzake marehemu, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, mimi ni dada yake mkubwa, yule mshonaji, niliyembeba mgongoni kabla hajajua kutambaa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea safari ya maisha yake. Nitaifuata hatua kwa hatua kama ilivyo desturi, ila nawaambia mapema kwamba juu ya ndugu yetu limesemwa neno zito, kwamba alikufa kwa kusahau kuzima umeme, na neno hilo nitalijibu nitakapofika mahali pake, kwa hiyo mnivumilie nikipandisha sauti.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa baba yetu seremala na mama yetu mpishi wa shule. Nyumba ile haikuwa na umeme, na mama alitupimia mafuta ya taa kwa kijiko, hivyo sote tulikua tukijua kwamba mwanga ni kitu kinachokwisha, lakini yeye ndiye aliyelishika fundisho hilo kama kiapo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1978 na kumaliza 1984, akaendelea na sekondari hadi 1988, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, alikohitimu umeme wa majumbani mwezi Novemba 1991, ambapo mwalimu wake alisema mbele ya wazazi kwamba kijana huyu ni wa kwanza kwa mikono na wa mwisho kwa mwandiko, na baba akajibu kwamba taa haiwashwi kwa mwandiko.

Mwezi Januari 1992 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, akakaa huko hadi kilipofungwa mwaka 2004, na ndiko alikojifunza utaratibu ambao hakuuacha tena maishani, kwamba fundi anayepanda ngazi huzima kwanza swichi kuu ya sehemu anayoifanyia kazi, kisha hutundika kofia yake kwenye mpini wa swichi hiyo, na hakuna mwingine wa kuigusa, awe bosi awe mlinzi, mpaka mwenye kofia ashuke aichukue kwa mkono wake. Kofia yenyewe nilimshonea mimi, kwa kitambaa chekundu cha mapazia, ya kutisha kwa wekundu, ili hata mwenye mtoto wa jicho aione. Tarehe 3 Februari 2005 alianza kazi katika jengo la ofisi la ghorofa saba ambalo wengi wenu mnalijua, na kofia akahamia nayo.

Tarehe 8 Agosti 1998 alifunga ndoa na mke wake, mwalimu wa chekechea, huyu mnayemwona amekaa hapa hana machozi tena, na wakajaliwa watoto wawili, binti mwaka 1999 na kijana mwaka 2003. Jina la Zimataa alipewa na mkewe, kwa sababu alikuwa akipita chumba hadi chumba akizima kila taa isiyo na mtu chini yake, na mara nyingine hata yenye mtu, maana aliwahi kumzimia mama mkwe taa ya bafuni akiwa na sabuni machoni, na mama mkwe akaapa hatalala tena katika nyumba ile. Alilala, na wiki iliyofuata alikuja tena, kwa sababu hakuna aliyeweza kumkasirikia mtu yule kwa muda mrefu.

Mwaka 2019 aliwaomba wakubwa wa jengo wabadilishe taa zote ziwe za LED, akiwaeleza kwamba zile ndefu za zamani, zinazokoroma na kupepesa kabla ya kuwaka, zinakula umeme mchana kutwa katika korido zisizo na dirisha, zinatia joto, zinakufa upesi, na kila zikifa mtu anapanda ngazi. Walimwambia mwaka ujao, mwaka ujao ukaja wakamwambia hivyo hivyo, hadi mwaka 2021 alipokuja meneja mpya aliyekubali, na mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, meneja huyo ndiye aliyetia saini. Wakaanza na ngazi na korido, wakaendelea na ofisi, ambako watu walilalamika kwamba mwanga mweupe unawafanya wafanane na maiti, naye kwa subira akawatafutia za mwanga wa manjano, na bili ya umeme ya jengo ikashuka hadi chini ya nusu. Sifa zilikwenda kwa meneja, hata picha yake ikatundikwa mapokezi, na nilipomuuliza marehemu kama haimuumi alicheka akasema, "Dada, mimi nataka taa, picha sitaki." Alichoomba yeye ni kwamba sehemu ya akiba ile inunue kufuli la chumba cha swichi, akajibiwa kwamba kofia inatosha.

Sasa nimefika. Siku ya Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, marehemu alizima swichi kuu inayolisha ghorofa ya tatu pamoja na ukumbi wa chini, akatundika kofia, akapanda ngazi kubadilisha taa za mwisho zilizobaki, mikono yake ikiwa ndani ya nyaya. Asubuhi hiyo hiyo walikuja wageni kutoka majengo mengine kujionea akiba ya umeme, wakaingizwa katika ukumbi ule wa chini, wakaukuta giza. Taa za ukumbi ziliwaka, wageni wakapiga makofi, na juu yao, ghorofa ya tatu, ndugu yangu alitupwa na umeme kutoka juu ya ngazi, akavunjika uti wa mgongo.

Walipokwenda kwenye chumba cha swichi hawakukuta kofia, na kwa kuwa jengo zima lilijua kwamba pasipo na kofia umeme haukuzimwa, ikasemwa siku hiyo hiyo kwamba Zimataa amesahau. Utaratibu wake mwenyewe ukageuka shahidi dhidi yake. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na watu wakaridhika hapo, neno likafika mpaka chuoni kwa binti yake, anayesomea kazi hii hii ya baba yake, ambako wenzake walimcheka hadi akaacha kuhudhuria.

Alilazwa hospitali, figo zikaanza kushindwa, lakini akili ilikuwa timamu, na hilo ndilo lililomtesa. Siku za mwanzo binti yake alipomuuliza, "Baba, ulizima?" alijibu, "Nilizima, mwanangu." Baadaye akawa anasema nadhani nilizima. Siku ya mwisho ya kuzungumza aliniita karibu, akanishika kidole kama alivyonishika utotoni, akaniambia, "Dada, labda nilisahau kweli, waombeni radhi wenzangu nimewaaibisha." Alifariki asubuhi ya Alhamisi, tarehe 22 Juni 2023, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, akiamini hivyo.

Ijumaa mama mmoja wa usafi alibisha hodi nyumbani, ameshika mfuko, na ndani ya mfuko mlikuwa na kofia nyekundu, imefuliwa na kupigwa pasi. Ameketi katikati yenu na ameniambia nisimfiche. Alikuwa mgeni katika jengo lile, hakuujua utaratibu, na haya ndiyo maneno yake: "Meneja aliniambia nitoe tambara lile, wageni wanapita. Nikatoa. Akasukuma swichi mwenyewe. Nikaona kumbe ni kofia ya mtu, nikaenda nayo nyumbani nimfulie." Siku iliyofuata kampuni yake ilimhamishia jengo jingine, hakusikia lolote mpaka tangazo la msiba. Mama, wewe hatukudai kitu, tunakushukuru kwa kuja.

Lakini meneja aliijua kofia ile, alikuwa akiitania kila mara, na asubuhi ya leo amemtuma karani wake getini kwangu kuniomba, "Mama, wewe soma tu kwamba alisahau, tuzike, yaishe." Hayaishi hivyo. Ninamwona pale nyuma, na ninamshukuru kwa taa alizokubali kununua, ila kwa mkono uliousukuma mpini ule shukrani sina, naye atanisamehe au asinisamehe.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliopigania maisha yake bila kuchoka, majirani waliotupikia na kutulindia nyumba, na mafundi wenzake waliokuja na nguo zao za kazi ingawa waliambiwa wasije. Binti yetu, Jumatatu rudi chuoni.

Nawe mdogo wangu, nimechelewa siku moja kukuletea habari hii, na sijui kama huko ulipo inafika, lakini nakuambia mbele ya watu hawa wote. Pumzika kwa amani. Ulizima.