Kichwa cha Mama Torika na Hedifoni Iliyokubalika

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mama Torika Naulumatua anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kupokea simu za wateja wa umeme katika Kituo cha Simu cha Matai, hapa Suva, mji mkuu wa visiwa vyetu. Nimepewa heshima ya kuandika habari zake, na furaha niliyo nayo hainiruhusu hata kukaa kitini.

Alianza mwaka 1996, mkonga wa simu ameubana kati ya bega na sikio, mpaka shingo ikazoea kulala upande. Kimbunga kikipita, watu wa kisiwa cha Taveuni hawaulizi umeme utarudi lini, wanauliza kama Mama Torika yuko zamu. Mzee mmoja wa Labasa alimpigia akifoka kwamba yuko gizani. Mama akamuuliza kwa upole, "Baba, swichi umeiangalia?" Ikasikika swichi ikibonyezwa, kisha simu ikakatwa. Wiki iliyofuata likaja nanasi la kuomba radhi.

Lakini vita vyake vikubwa vilikuwa vya mwaka jana. Hedifoni zetu zilikuwa zimechoka, na mvua ikipiga bati wateja walisikia mvua kuliko walivyotusikia sisi. Meneja wetu, Bwana Josefa Raikivi, akataka kununua za aina moja kwa wote: zinazofunika masikio yote mawili, zenye utepe mgumu unaopita utosini. Asiyeweza kuzivaa angehamia stoo. Nywele za Mama Torika ni buiniga, duara kubwa analolitunza tangu usichana. Utepe ulizama humo, kisha ukaruka juu. Tuliogopa kweli. Mwanamke anayejulikana visiwa vyote kwa sauti yake angemalizia kazi akipanga nyaya stooni.

Akaja muuzaji kutoka Brisbane, Bwana Darren, mchangamfu kupita kiasi. Alichukua hedifoni na kupeleka mikono yote miwili kwenye nywele za Mama. Ofisi nzima iliganda. Kwetu kichwa cha mtu hakiguswi bila ruhusa, sembuse cha mtu mzima kama yeye.

"We kijana! Umekuja kuuza au kupapasa watu?"

"Samahani, mama! Samahani sana!"

"Keti kwanza unywe chai. Halafu ujifunze kuomba."

Darren alikula muhogo wetu, akafundishwa kusema "tulou", yaani kuomba radhi kabla ya kusogelea kichwa cha mtu, na ulimi ukamteleza mara kadhaa huku tukicheka mpaka machozi. Kisha akafungua maboksi yote aliyokuwa nayo garini.

Mama alivaa kila aina zamu nzima. Iliyobana sikio kabla ya chakula cha mchana ilirudi boksini. Za masikio mawili alizikataa kabisa: "Nikiziba yote mawili, nitajuaje Artika analia?" Artika ni mimi. Siku zangu za kwanza nilikuwa nikitukanwa na mteja nalia, naye alikuwa akinisikia kwa sikio lililo wazi na kuipokea simu yangu.

Ikabaki moja: ya sikio moja, utepe unapita kisogoni, sifongo laini, kipaza sauti karibu na mdomo. Tukasubiri mvua, na Suva mvua haisubiriwi sana. Bati lilipoanza kunguruma, alimpigia meneja aliyekuwa nyumbani kwake.

"Bosi, unasikia mvua au unanisikia mimi?"

"Nakusikia wewe, mama. Na nasikia unatafuna."

Tulishangilia mpaka walinzi wakapanda juu kuuliza kuna nini! Bwana Raikivi akaagiza kila mtu achague inayomfaa. Hakuna aliyekwenda stoo.

Programu hii ya sherehe ya kumuaga imechelewa kuchapwa, na kosa ni langu, maana jana ilibidi niongeze aya hii. Mama alimaliza simu yake ya mwisho, akanigeukia, akainamisha kichwa. "Artika mwanangu, nivue." Nimekaa pembeni yake miaka tisa na sijawahi kugusa hata unywele wake mmoja. Nikasema tulou. Nikamvua hedifoni taratibu, na nywele zikarudi mahali pake.

Asante, mama, kwa sikio lile uliloliacha wazi kwa ajili yetu. Maisha yako ya kustaafu huko kwenu Savusavu yawe mema na marefu, na simu ikilia huko nyumbani, waache wengine wapokee.