Mama Nyanyua na Kidumu Chekundu

Mimi, mlinzi wa lango kuu la hospitali, nina miaka sabini na sita. Nimewapita wakurugenzi wanne, mbwa watatu wa ulinzi, na lango lenyewe, lile la kwanza la mbao. Kwa hiyo karani alipouliza nani aandike habari za Mama Nyanyua, mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo anayestaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, nikamwambia lete kalamu, hao wengine ni watoto.

Alipofika hapa alipewa stoo ya magodoro mabovu. Akayatoa mwenyewe, akapanga viti visivyo na mikono, akajaza mchanga kwenye vidumu vya kufunga mguuni: mtu anakaa, ananyoosha goti, kidumu kinapanda. Cheupe kilo moja, cha njano mbili, chekundu nne. Madaktari wakacheka, ati wazee ni wa kupumzishwa, si wa kubebeshwa mizigo. Yeye akasema msuli wa mzee haujafa, umelala tu. Upe mzigo kidogo, upumzishe siku moja, halafu ongeza. Mabibi walioingia wameshikwa makwapa walitoka wakigombania nani atangulie mlangoni.

Mimi sikwenda kwa ugonjwa, sijui kuugua. Nilipelekwa na maneno ya binti yangu. Alinikuta nyumbani nimekwama kitini, chai imepoa mezani hatua mbili mbele yangu.

"Baba, nakupa miezi mitatu," akasema. "Usipoweza kuinuka mara tano bila kushika kitu, nakuhamishia kwetu."

Kwao maana yake kwa mkwe wangu. Mtu mzima, nina nyumba yangu, nikaombe ruhusa ya kufungua redio kwa mkwe!

Sasa, kulikuwa na dobi wa hospitali, mama wa miaka sabini, anayepandisha chekundu kama anafukuza kuku. Mimi cha njano kilinitetemesha mpaka meno. Haiwezekani. Vyekundu vilikuwa viwili. Kimoja nikakimwaga mchanga, nikakishindilia pamba. Wiki sita nikakipandisha mara ishirini ishirini huku napiga mluzi, watu wakinishangilia.

Siku moja dobi akawahi kukifunga changu. Akarusha mguu kwa nguvu zake zote. Kidumu kikachomoka hadi darini, kiti kikapinduka, dobi chini, pamba imemjaa kichwani.

"Kumbe bwana mkubwa anafanya mazoezi na mto wa kulalia!" akasema kutoka pale pale sakafuni.

Mama Nyanyua hakucheka. Alichukua futi ya fundi cherehani, akanipima paja. Unene ule ule alioupima siku ya kwanza.

"Babu," akasema, "dobi hukumdanganya. Umelidanganya paja lako, nalo limekuamini."

Mficha maradhi, kilio humfichua. Nikataka kufidia kwa vyekundu viwili pamoja; akanirudisha kwenye cheupe, mbele ya dobi. Na kwa wiki sita zilizobaki, kila baada ya siku moja, aliacha chakula chake cha mchana akaja langoni kunisimamisha na kunikalisha, kunisimamisha na kunikalisha, magari yakisubiri.

Binti akaja siku ya miadi. Godoro langu na redio alikwisha kuvipakia kwenye gari. Nikakaa, mikono kifuani. Moja. Mbili. Tatu. Ya nne nikaganda katikati, si juu si chini, mapaja yanawaka moto. Dobi akaninyooshea mkono.

"Mwache!" Mama Nyanyua akamkemea. "Ni yake hiyo."

Nikapanda. Ya tano nilipanda kwa hasira tu. Binti alinitazama, akafuta macho, akaenda kushusha godoro.

Mama Nyanyua, kwa niaba ya lango, dobi na mabibi wote wa stoo ya magodoro, asante. Nenda ukale chakula chako cha mchana kikiwa cha moto. Tunakuombea siku ndefu na magoti yasiyolalamika.

Anayedhani naongeza chumvi amuulize dobi, aliyenihesabia kwa sauti. Au amuulize mkwe wangu: chumba alichonipakia rangi kipo mpaka leo, anafugia kuku.