Chumba cha Chanjo na Kliniki ya Viungo

Mgeni rasmi, Mganga Mkuu wetu. Wauguzi, jamaa na wagonjwa wenzetu:

Karibu sana. Wenye magoti yanayoruhusu wamesimama kukupokea. Tuliobaki tumesimama moyoni.

TULIKOTOKA

Tulianza watu sita kwenye benchi la korido, wote wa baridi yabisi. Leo tuko thelathini na wanne. Kinga zetu zilituasi zikashambulia viungo vyetu wenyewe, ndiyo maana tunadungwa sindano za kuzituliza.

MAFANIKIO

Fundi cherehani tunayemwita Mama Pindo alikuwa akifungwa vifungo na mumewe. Mwaka huu ameshona gauni la bibi harusi, na suti hii ya msoma risala. Mkono mmoja kuwa mrefu ni kosa la vipimo, si la vidole.

CHANGAMOTO

Kinga ikitulizwa, maradhi hupata mwanya. Mama Pindo akaenda kuchanjwa mafua makali. Chumba cha chanjo kikasema, "Mama, kwa dawa unazotumia hatuthubutu. Kaulize kliniki ya viungo." Kliniki ikasema, "Hayo ni ya chumba cha chanjo." Alipanda na kushuka ngazi mpaka mlinzi akamuuliza, "Mama, umeajiriwa lini hapa?"

Akarudi nyumbani hivyohivyo. Wiki ya tatu mjukuu akaleta mafua kutoka shuleni. Ya mtoto yaliisha kwa siku mbili. Ya bibi yaliingia kifuani: siku kumi na moja kwenye oksijeni.

Alipopona, daktari wetu alimweleza: chanjo zenye virusi hai, hapana, maadamu yuko kwenye dawa hizi; zisizo na virusi hai, kama hiyo ya mafua, ruksa, na ni vizuri zaidi kuzipata kabla ya sindano ya kwanza ya dawa.

"Kumbe ni maneno ya dakika tano!" alisema Mama Pindo. Akachanjwa siku hiyohiyo, akawaburuta mumewe na mjukuu nao wachanjwe.

MAOMBI

Hatuombi jengo. Tunaomba kila mgonjwa mpya aulizwe chanjo zake kabla ya kuanzishiwa dawa, na vyumba hivi viwili vipigiane simu, tusiwe sisi ndio simu.

Jana tulimpokea mwenzetu mpya, mwalimu wa hesabu. Mama Pindo alimshika mkono: "Mwanangu, umechanjwa?" Mwalimu hajui, na hakuna mhudumu aliyemuuliza. Sindano yake ya kwanza ni Jumatatu. Leo ni Ijumaa, Mgeni rasmi, na amekaa kiti cha tatu kutoka kwako.

Mungu akuzidishie afya, nasi atujalie magoti ya kukusindikiza hadi mlangoni.

Ni sisi,
Kikundi cha Nyanyuka, Wagonjwa wa Kliniki ya Viungo