Kumi na Nane ya Wodi Nzima

Muuguzi alikuwa anasinzia kwenye basi, akienda kuingia zamu ya mchana, mama wa kiti cha pembeni alipomgusa bega. “Mwanangu, sare hiyo si ya hospitali ya huko mbele? Kijana wangu yuko kwenu, kapasuliwa tumbo juzi.”

“Pole, mama. Anaendeleaje?”

“Asubuhi nilimwacha anahema mbiombio. Nikataka kumwita mtu. Lakini si mna kompyuta siku hizi? Daktari alisema mgonjwa akianza kuzidiwa, yenyewe inapiga kelele. Nikaona imekaa kimya, nikaenda zangu kumfulia mashuka.”

“Inafuata namba tunazoiandikia sisi, mama.” Usingizi ulikuwa umeshamruka.

“Na mnaandika! Nilichungulia kwenye kioo cha kompyuta: pumzi kumi na nane kwa dakika. Za jirani yake, kumi na nane. Hata yule babu anayekoroma kama trekta, kumi na nane. Wodi nzima wazima wa afya!”

Abiria wa nyuma aliangua kicheko. Muuguzi hakucheka. Kumi na nane ni pumzi za mtu asiye na shida, ndiyo namba wauguzi wanayoijaza wasipopata nafasi ya kuhesabu pumzi za mgonjwa, na yeye mwenyewe ameijaza mara nyingi.

“Mama, ukiona anahema vile, ita mtu. Usiingoje mashine.”

“Makubwa! Kwani nyie wenyewe mnaiamini au hamuiamini?”

Basi lilikuwa linakata kona kufika getini kwa hospitali. Muuguzi alikuwa ameshafika mlangoni mwa basi.

“Yuko kitanda gani?” aliuliza, na basi lilikuwa bado halijasimama.